Mashine Haijui Milimita

Ipo kauli iliyoenea baina ya mafundi wa leza katika miji yetu, kauli anayoambiwa kijana siku ya kwanza anapokalishwa mbele ya kompyuta, ambayo muuzaji huirudia anapokabidhi mashine, na ambayo kila aliyewahi kuharibu chombo kwa kugusa asichokijua huitolea ushahidi: ya kwamba mipangilio ya vipimo na mihimili ni mambo ya kiwandani, kwamba walioiweka wana elimu kutushinda, na kwamba wajibu wetu sisi ni kuleta mchoro, kulaza ubao mezani na kubonyeza kitufe. Kazi ikitoka kubwa, punguza mchoro; ikitoka ndogo, uongeze; ikitoka kinyume, ugeuze; lakini mipangilio usiiguse. Nimeisikia kauli hii hapa Tanga nilipo na karakana yangu, nimeisikia Dar es Salaam na Mombasa, na kwa miaka minne ya mwanzo wa kazi yangu niliifuata na kuwafundisha wengine. Leo naandika kuipinga, kwa kuwa madhara yake nimeyaona kwa macho yangu, na kwa kuwa wengi wanaoishika ni watu waaminifu na wachapakazi ambao hawastahili kupotezwa na maneno yasiyo na ithibati.

Asili ya hitilafu yote ni dhana ya kwamba mashine hujua milimita. Haijui. Mota inayovuta kichwa cha leza kwenda kulia na kushoto, yaani katika mhimili tunaouita X, na ile inayokivuta mbele na nyuma katika mhimili wa Y, hazina rula wala macho. Kinachozifikia ni mapigo ya umeme, na kwa kila pigo mota hujizungusha hatua moja ndogo ikasimama kungoja jingine. Mota za aina iliyoenea zina hatua 200 katika mzunguko mmoja, na aghalabu kila hatua hugawanywa mara 16, ikawa mzunguko mzima ni hatua 3200. Kwenye ncha ya mota imefungwa puli yenye meno 20, nayo huvuta mkanda ambao umbali wake kutoka jino hadi jino ni milimita 2, basi mzunguko mmoja hukisogeza kichwa milimita 40. Gawanya 3200 kwa 40, utapata 80. Namba hiyo, ambayo katika vidhibiti vinavyotumia programu iitwayo GRBL huandikwa mbele ya alama ya $100 kwa mhimili wa X na $101 kwa mhimili wa Y, ndiyo milimita yote iliyomo ndani ya mashine. Ukiandika 80, mashine itaamini kuwa hatua 80 ni milimita moja. Ukiandika 79 itaamini hivyo, na itatenda kwa utiifu ule ule, bila kuuliza wala kulalamika. Tangu mwaka 1983 mita imefasiriwa kuwa ni masafa unayokwenda mwanga katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde, nasi mafundi wa leza tunakata kwa mwanga. Walakini hapana kinachouunganisha mwanga ule wa wataalamu wa vipimo na mwanga huu unaochoma plaiwudi yangu, ila namba moja iliyoandikwa na mkono wa mtu.

Nitasimulia kwa urefu lililonitoa katika itikadi ya zamani, maana ndani yake mna hoja yangu yote.

Mwaka juzi mkanda wa mhimili wa X ulikatika asubuhi ya siku ya kazi nyingi. Ule wa namna yake haukupatikana mjini, na fundi aliyenihudumia akaleta mkanda mwingine pamoja na puli yake, yenye meno 20 kama ile ya kwanza. Akaufunga, akaukaza, kichwa kikakimbia vizuri kuliko hapo awali, sote tukaridhika. Mchana tukaanza kukata makasha ya zawadi, ya plaiwudi ya milimita 3, yale yanayoshikana pembeni kwa meno bila msumari wala gundi nyingi, na makasha yakakataa kufunga. Kijana wangu, ambaye ni hodari na ambaye nilimfunza mwenyewe, akafanya vile nilivyomfunza: akaupima upande mrefu, akauona umezidi, akapiga hesabu, akaupunguza mchoro mzima kuwa asilimia 98.4, akakata tena. Upande mrefu ukakaa pahala pake. Upande wa pili, ambao ulikuwa sahihi tangu mwanzo na haukuwa na dhambi yoyote, sasa ukapungua, na meno yake yakalegea katika nafasi zao. Akaongeza kidogo, akapunguza kidogo, akajaribu kubana mchoro upande mmoja na kuachilia wa pili, na kila kasha lililotoka lilikuwa na ila mpya. Kufikia magharibi tulikuwa na makasha 11 yasiyouzika yamepangwa sakafuni, na mwenye mali anakuja kesho asubuhi.

Usiku ule nikabaki peke yangu na kalipa. Nikakata miraba miwili ya plaiwudi ile ile, mmoja niliouamuru uwe wa milimita 20 kila upande, na mwingine wa milimita 120, nikaandika kwa penseli juu ya kila mmoja upi ni upande wa X na upi ni wa Y kabla sijainyanyua mezani. Mraba mdogo ulipimika 20.17 kwa X na 19.85 kwa Y. Mraba mkubwa ulipimika 121.77 kwa X na 119.85 kwa Y. Mtazamaji wa juu juu angesema kuwa namba hizi ni fujo tupu, kwani moja imezidi kidogo, moja imezidi sana, na mbili zimepungua. Lakini mwanga wa leza una unene wake, nao unapopita hula ubao. Katika plaiwudi yangu hula milimita 0.15, nusu upande huu wa mstari na nusu upande ule, hivyo kila kipande kinachokatwa kwa nje hupungua 0.15, kiwe kikubwa kama meza au kidogo kama kifungo cha shati. Basi nikatoa kipimo kidogo katika kile kikubwa, ili sehemu iliyoliwa na moto iondoke katika hesabu kwa kuwa imo sawasawa kotekote. Kwa Y nikapata 100.00, kama nilivyoamuru. Kwa X nikapata 101.60.

Nilipoiona 101.60 nilisita, kwani namba hiyo nilikwisha kuiona pengine. Ni inchi 4 kamili. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilipatana kwamba inchi iwe milimita 25.4 pasipo chembe ya zaidi wala pungufu, na 25.4 mara nne ndiyo 101.6. Nikaufungua mkanda mpya, nikaunyoosha juu ya rula ya chuma, nikahesabu meno 50, nikaona yamefika 101.6 badala ya 100. Ulikuwa mkanda wa kipimo cha inchi, wa jamii inayoitwa MXL, ambao jino na jino hupishana kwa sehemu 8 za mia za inchi, yaani milimita 2.032, na baina ya 2.032 na 2 pana tofauti iliyo nyembamba kuliko unywele, ambayo jicho la fundi haliwezi kuiona na mkono wake hauwezi kuihisi, bali mota huilimbikiza jino kwa jino mpaka kasha likatae kufunga. Nikachukua 80 nikaizidisha kwa 100 na kuigawanya kwa 101.6. Nikaandika $100=78.740. Nikakata kasha moja kwa mchoro wa asili, usiopunguzwa wala kuongezwa, likafunga kwa kidole gumba.

Sasa na tuirudie kauli. Je, kiwanda kilikosea? Hakikukosea hata kidogo. Kiwanda kiliandika 80 kwa mkanda wake, na 80 ilikuwa kweli siku ile na kwa mkanda ule. Hapa ndipo ulipo udhaifu wa wanaosema kwamba yote yamekwisha kupangwa: wanaichukua shahada ya hali iliyopita na kuitolea hukumu hali iliyopo. Mashine ikishasafiri baharini, ikapakuliwa na kupakiwa tena, ikakaa katika joto la pwani na chumvi yake, ikabadilishwa mkanda, puli, mota au kidhibiti, si tena ile iliyopimwa kiwandani, na namba iliyobaki ndani yake ni habari ya marehemu.

Hoja yao iliyo na nguvu zaidi ni hii, nami nitaieleza kwa insafu kama wanavyoieleza wenyewe: kwamba mwisho wa yote mteja hupewa kipande, hapewi namba za ndani, na iwapo kipande kimetoka sawa kwa kupunguza mchoro, kuna madhara gani? Ningekubali, lau kipande kingetoka sawa. Lakini makosa ya kipimo hayana tabia moja. Lipo kosa la hatua, ambalo hukua pamoja na urefu, na ambalo huweza kuwa katika mhimili mmoja ilhali wa pili ni mzima, kama lilivyonipata. Lipo kosa la upana wa mkato, ambalo halikui wala halipungui, na ambalo hukigeuza kipande kuwa kidogo wakati huo huo likilipanua tundu, kwani moto hula kwa ndani kama ulavyo kwa nje. Anayepunguza mchoro kwa asilimia huyatibu yote mawili kwa dawa moja, na dawa hiyo haifai ila kwa kosa la kwanza, tena iwapo mihimili yote miwili imekosea kwa kadiri moja. Mathalan, fundi aliyeona mraba wake wa milimita 20 umetoka 19.85 akaongeza mchoro kwa asilimia 0.76, atautia mraba ule mahali pake. Kisha kwa asilimia hiyo hiyo atakata kibao cha milimita 600, nacho kitazidi kwa zaidi ya milimita 4, na atailaumu mashine. Kumbe programu zinazojulikana, LightBurn ikiwamo, zina pahala pa kuandika upana wa mkato kwa kila tabaka la mchoro, na kinachoandikwa pale kwa plaiwudi yangu ni 0.075, nusu ya unene wa moto, kwa kuwa mstari husogezwa upande mmoja tu. Hilo ni jambo la nusu dakika.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami sijui njia iliyo fupi kuliko ya mchoro uliodanganywa. Utafaa leo, katika mashine hii, mikononi mwa kijana huyu. Kesho mashine itatengenezwa, au mchoro utapelekwa karakana ya jirani kwa kuwa umeme kwetu umekatika, au mteja atarudi baada ya mwaka mmoja akitaka mfuniko wa kasha lake, na hapo hapatakuwa na mtu anayekumbuka kama ile 98.4 ilikuwa imo ndani ya faili au bado haijatiwa.

Jambo hili la kubeba dawa kichwani badala ya kuiweka penye ugonjwa lilinifedhehesha mara nyingine, na hapo halikuwa la urefu bali la mwelekeo. Programu nyingi za leza huuliza, wakati wa kuisajili mashine, sifuri yake iko pembe gani kati ya pembe nne za meza. Yangu ilikuwa nyuma kushoto, na aliyeipanga mara ya kwanza aliiambia programu kuwa ni mbele kushoto. Kwa hiyo kila lililochorwa kuja kwetu mashine ililipeleka nyuma, na maandishi yakatoka yamepinduka kama kivuli cha mnazi majini. Badala ya kurekebisha pembe, kijana wa zamu ya asubuhi alizoea kugeuza kila mchoro kabla ya kuukata, akalifanya hilo kwa wepesi mpaka likawa kama kupumua. Siku moja kazi ikaangukia zamu ya jioni. Ilikuwa ubao wa mninga wa kuchongwa jina la chuo cha Kurani kwa herufi za Kiarabu, na kijana wa jioni, ambaye si msomaji wa Kiarabu, hakujua desturi ya mwenzake wala macho yake hayakuweza kumwonya. Maalimu alikuja asubuhi, akaushika ubao kwa mikono miwili, akautazama kitambo, kisha akasema kwa upole ambao mpaka leo unaniuma, "Mwanangu, hii yasomwa na aliye upande wa pili wa kioo." Nikamjibu, "Niwie radhi, Maalimu, kosa ni letu." Ubao wa mninga hauna upande wa pili wa kusomea. Tukanunua mwingine.

Na tusisahau mihuri. Muhuri wa mpira ni lazima uchongwe kinyume ili usome sawa ukipigwa karatasini, na karakana nyingi za leza mjini hula kwa mihuri. Fundi ambaye mashine yake hupindua kila kitu hulazimika kugeuza vibao na kuacha mihuri, ambapo jirani yake ambaye mashine yake ni sahihi huacha vibao na kugeuza mihuri. Na kijana akihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine huhama na ufundi wa uongo. Pembe ya sifuri ikiwekwa sawa mara moja, neno "kinyume" hurudi kuwa na maana moja kwa watu wote.

Wako wanaosema kwamba haya yote huzuka kwa uzembe wa vijana, na kwamba kwa mabingwa kipimo hakipotei. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliruka nchini Kanada kuelekea Edmonton ikiwa na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyohitajika, kwa sababu waliopima walihitaji kilo 22,300, na katika kuzigeuza lita kuwa uzito walitumia 1.77, ambayo ni hesabu ya ratili kwa lita, badala ya 0.8 na ushei, ambayo ni hesabu ya kilo. Injini zote mbili zilizima angani. Marubani waliitelezesha ndege kama tiara mpaka uwanja wa zamani wa Gimli, na kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Wale walikuwa mabingwa. Hesabu yao ya kuzidisha na kugawanya haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza, ni 1.77 ya nini?

Swali hilo hilo ndilo tunalopaswa kuliuliza kila faili linapoingia. Muundo wa DXF, uliotoka mwaka 1982 pamoja na AutoCAD na ambao hata leo ndio lugha ya wachoraji wengi, huweza kubeba namba bila kusema ni inchi au milimita. Ikaandikwa 100, na programu ikaachiwa kukisia. Ikikisia inchi, kipande cha milimita 100 huwa mita mbili na nusu na ushei, nacho hujitangaza chenyewe kwa kuvuka mipaka ya meza. Kosa kubwa namna hiyo lina huruma, kwa kuwa halifichiki. La kuogopewa ni dogo. Programu ya Inkscape, wanayoipenda vijana wengi kwa kuwa ni ya bure, mpaka toleo la 0.91 ilihesabu nukta 90 katika inchi moja, na kuanzia toleo la 0.92 ikahesabu 96. Mchoro wa zamani ukisomwa kwa kanuni mpya, milimita 100 hushuka kuwa 93.75, kiasi ambacho hakivuki meza, hakipigi kelele, na hugunduliwa na mteja nyumbani kwake wakati picha yake inapokataa kuenea katika fremu.

Vivyo hivyo kwa mwendo. Programu moja huonyesha milimita kwa sekunde, nyingine milimita kwa dakika, na tofauti baina yao ni mara 60. Mwenye jedwali lililoandikwa 10 kwa sekunde, akaiandika 10 penye dakika, kichwa chake kitatambaa mara sitini polepole kuliko ilivyokusudiwa huku leza ikiwaka juu ya ubao mkavu. Hapo tunazungumza habari ya kuunguza nyumba, nayo haihitaji maelezo mengi.

Nayakubali yaliyo ya haki katika upande wa pili. Ni kweli kwamba wako walioingia katika mipangilio kwa kubahatisha, wakabadili namba sita kwa mkupuo, wakakigongesha kichwa ukutani na wasijue tena ya kwanza ilikuwa ngapi. Ni kweli kwamba baadhi ya vidhibiti hufungwa kwa neno la siri, na kwamba waliovifunga hawakuwa na nia mbaya. Lakini kufuli la duka halimkatazi mwenye duka kuingia; humkataza nani, kama si mpita njia? Tiba ya kubahatisha ni kujua: kwanza unanakili namba zote katika daftari na kuhifadhi nakala katika kompyuta, kisha unabadili moja tu, unakata, unapima, ikiwa si hiyo, unairudisha ilivyokuwa. Na kabla ya kubadili hatua yoyote unakagua skurubu ya puli na mkazo wa mkanda, kwa sababu namba haipaswi kutibu ulegevu wa chuma. Vilevile hakuna mpangilio utakaonyoosha mihimili isiyokutana kwa skweya. Huko kuna kanuni ya tatu, nne na tano ambayo waashi wetu huitumia kila wanapochimba msingi, milimita 300 huku, 400 kule, na mshazari usipokuwa 500 unashika spana, kompyuta unaiacha.

Iliyosalia ni ile hoja ya mwisho, ambayo kwa kweli si hoja bali ni uchovu: kwamba tunatengeneza vibao vya milangoni na kadi za harusi, na nusu milimita haionwi na mtu. Na wengine huongeza, kwa fahari, kwamba mababu zetu waliunda majahazi kwa dhiraa na shibiri na kwa jicho tupu, na majahazi yakafika Uarabuni. Nawaheshimu mababu kuliko wanavyodhani wasemaji hao. Fundi wa jahazi huulaza ubao juu ya mwenzake, hutazama mwanga unapopenya, huchonga kwa tezo, hulaza tena, mpaka mbao mbili zikubaliane. Kipimo chake ni ule ubao wa pili, ambao uko mbele yake muda wote. Vipande vya leza havikutani mpaka vimekwisha kuzaliwa. Kimoja kimekatwa leo na chenzake kitakatwa mwezi ujao, pengine katika mji mwingine, na shahidi pekee baina yao ni namba. Anayetumia jina la fundi wa jahazi kutetea uvivu wa kupima anamdhulumu fundi wa jahazi, ambaye alipima mara mia kwa ubao mmoja.

Ama kuhusu udogo wa nusu milimita, biashara zetu za pwani zilikuwa na kibaba na pishi, wari na frasila, na hapana aliyesema kwamba kibaba kilichopungua punje kumi ni halali kwa kuwa mnunuzi hatazihesabu. Sura ya 83 ya Kurani imeitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Mizani ya duka la sukari hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri. Mashine yangu haikaguliwi na mtu, na kwa sababu hiyo hiyo dhamana yake imeniangukia mimi. Mteja aliyelipia milimita 600 anaamini kuwa amepata 600. Hana kalipa. Amana hiyo siwezi kuirudisha kiwandani.

Wala wasiniambie kwamba hakuna muda. Miraba miwili, wa 20 na wa 120, jumla ya pande zake ni milimita 560, na kwa mwendo wa milimita 10 kwa sekunde hukatwa katika dakika moja kasoro sekunde nne. Kuipima ni dakika mbili nyingine. Sisi tulipoteza mchana mzima na makasha 11.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaokaa mbele ya mashine hizi, wa Tanga, wa Mombasa, wa Kariakoo na kwingineko, na hasa ninyi wenye vijana chini yenu: jioni hii kabla ya kuzima, kateni miraba miwili katika kipande cha ubao uliobaki, toeni kidogo katika kikubwa, muone kama mnapata 100. Msipopata, fungueni mipangilio mbele ya vijana hao, muwaonyeshe namba ilipo na ilivyopatikana, muiandike na tarehe. Ndani ya kifuniko cha mashine yangu imebandikwa karatasi yenye mistari mitano: X 78.740, Y 80.000, sifuri nyuma kushoto, mwendo milimita kwa sekunde, plaiwudi 0.075. Chini yake kuna tarehe za kila Jumamosi tulipokata miraba, na ya mwisho ni ya juzi: X 100.00, Y 99.98.